Gari Litakalorudi

Injini ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, mkono umemganda juu ya chuma kama mtoto aliyefumwa na kiganja ndani ya kopo la sukari. Saa moja asubuhi. Yadi ya magari ndiyo kwanza imefunguliwa, umande bado uko kwenye vioo, na dalali keshaapa mara tatu kwamba lori hili halijawashwa wiki nzima.

Sasa wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa sabuni, usihangaike, nakueleza. Mwenye mkono ni dereva. Miaka ishirini na mbili kaendesha malori ya watu, na kwa mwendo wake wakambandika jina la Taratibu. Miezi minne iliyopita kafiwa na mke. Marehemu kamwachia binti wa miaka tisa, na daftari la shule lenye jalada la kijani, ambalo juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu: GARI LITAKALORUDI.

Ndani ya daftari mna masharti manane ya kununua lori kuukuu. Marehemu hakuwahi kushika usukani maishani. Lakini mwanamke aliyelala na dereva miaka kumi na tano, akisikiliza usiku kucha malalamiko ya giaboksi, huyo ni fundi kuliko fundi.

Sharti la kwanza lilisema hivi: "Kabla hujasalimia, weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, geuka urudi ulikotoka."

Maana gari lililochoka hugoma kuwaka likiwa baridi. Muuzaji mjanja huamka alfajiri akaliwasha kwa mbinde, likapata joto, mnunuzi akifika hata maiti inaimba. Ujanja huo kila dereva anaujua.

"Umeliwasha," Taratibu akasema.

"Mimi?" Dalali akashika kifua. Watu walimwita Asali, kwa ulimi wake. "Kama nimeliwasha, nife hapa hapa!"

"Usife kabla hujajibu," akasema shemeji. "Kifo chako hakitapoza injini."

Shemeji ni dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani, mkanda wa kupimia haumtoki shingoni hata msibani. Gari linanunuliwa kwa fedha za kiwanja ambacho baba yao aliwaachia dada hao wawili, kwa hiyo bila ndiyo yake hakuna ndiyo. Na ni yeye anayemlea binti. Huyo binti, tangu mama yake azikwe, kasema jambo moja tu kuhusu kazi ya baba yake: "Anunue gari linalorudi."

Kwa sababu lile la tajiri aliyemwajiri halikurudi. Klachi ilikufa mlimani. Taratibu akalala kando ya barabara siku nne, na alipofika nyumbani akivutwa kwa mnyororo, alikuta udongo wa kaburi umeshaanza kupasuka kwa jua.

"Twende, shemeji," akasema. "Sharti la kwanza limeanguka."

"Twende wapi? Hii ni yadi ya sita. Viatu vyangu vimebaki jina."

Ni kweli. Yadi ya kwanza walikuta chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, imepasuka, ikachomelewa, ikapakwa rangi kama bibi aliyekataa kuzeeka. Ya tatu walikuta lori ambalo kilomita zake zimerudishwa nyuma mpaka karibu liwe halijazaliwa. Ya tano hata sitaki kuisema, mwenye yadi anasoma gazeti hili.

"Basi angalau nipande nione ndani," shemeji akasema. "Nisije nikaulizwa nyumbani nikasema niliona matairi."

"Hakuna haja, mama!" Asali akaruka. "Ndani kuna vumbi."

"Vumbi nimelizoea. Ninaishi na cherehani."

Akapanda, magoti yakilalamika, akaingia kwa mlango wa upande wa pili. Taratibu akabaki chini anafunga boneti. Hakutaka hata kuliangalia tena. Kichwa cha lori kilikuwa cha bluu, kimefifia vizuri, kufifia kwa jua si kwa dawa, na jambo hilo lilimuuma zaidi. Alikuwa ameanza kulipenda.

"Shemeji!" Sauti kutoka juu. "Hiki kiti cha pili kimeshonwa na mwanamke."

"Umejuaje?"

"Kwa mkono, uzi umepakwa nta, na kila mshono umerudiwa. Fundi wa viti hafanyi hivi, hana muda. Aliyeshona hapa alikuwa anamshonea mtu anayempenda, au anayashonea makalio yake mwenyewe."

"Makalio yake mwenyewe," ikajibu sauti nyingine.

Shemeji akapiga ukelele ambao ulisimamisha kazi yadi nzima.

Nyuma ya viti, kwenye kile kitanda chembamba wanapojilaza madereva, pazia likasogea. Mzee akachungulia. Kichwa cheupe, macho mekundu.

"Shi… shikamoo," shemeji akasema, mkono kifuani.

"Marahaba, mama. Usikimbie. Mimi bado ni mzima, kasoro mguu mmoja. Huo umetangulia kuniwekea nafasi."

Taratibu alikwisha kupanda kwa upande wa usukani. Akamwona mzee, akaona suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Kisha akaona ufunguo, ukiwa mkononi mwa mzee.

"Ni wewe uliyeliwasha."

"Kila siku, alfajiri. Mlinzi hunibeba mgongoni akanipandisha. Nawasha, nakaa kidogo, nazima. Ni langu mpaka litakapokuwa lako." Akamtazama dalali aliyekuwa ananing'inia mlangoni. "Huyu alinikataza. Kasema wanunuzi wakiniona mguu watadhani breki ndizo zilizoula."

"Mzee, mimi nilikuwa nalinda biashara," Asali akasema kwa sauti ndogo.

Taratibu akaona haya mpaka masikio. Alikuwa amesimama chini ya dirisha hilo hilo akiwadhania watu utapeli.

"Nisamehe, mzee wangu. Nilidhani mnaficha ugonjwa."

"Tunauficha kweli," mzee akasema. "Ila si wa gari."

Basi wakakubaliana jambo ambalo sijaliona katika yadi yoyote. Lori likae bila kuguswa mpaka lipoe kabisa, ndipo lijaribiwe upya. Wakangoja saa nane nzima. Mzee akateremshwa, akawekwa kwenye kigoda kivulini, na muda wote hakuliangalia gari, kama mtu aliyempeleka mtoto wake kwa daktari wa meno. Asali alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Shemeji alishona kifungo cha shati la mlinzi, kisha cha Asali, kisha akatafuta mwingine wa kushonea akamkosa.

Saa tisa alasiri Taratibu akaweka mkono. Baridi.

Akavuta pumzi. Akamwomba mzee ufunguo, akauzungusha mara moja.

Likawaka kama lililokuwa likisubiri kuitwa.

"Sharti la pili!" shemeji akasoma daftarini kwa sauti ya mwalimu wa zamu. "Moshi usiwe wa bluu wala mweupe unaokaa."

Moshi ukatoka mara moja, ukapotea.

"La tatu. Fungua mfuniko wa oili, uugeuze, uuweke pale pale juu ya tundu. Ukicheza ngoma, injini imechoka."

Mfuniko ukatulia. Shemeji akainama kuuangalia. "Hata mimi situlii hivi kanisani wala msikitini," akasema.

La nne, Taratibu akaingia chini kwa mgongo, akapitisha vidole kwenye chesisi kutoka mbele hadi nyuma akitafuta kovu. Hakulipata. La tano, akaangalia ile sahani nene ya chuma inayoshika tela, akatikisa pini zake. La sita, maji ya rejeta, hayakuwa na oili. La saba, akalizungusha yadi mara tatu, gia zikaingia bila kusukumwa.

Aliporudi alikuwa anatabasamu. Miezi minne uso ule haujafanya kazi hiyo, ukaonekana umeisahau kidogo, upande mmoja ulitangulia. Mzee akaomba apandishwe mara ya mwisho, mlinzi akambeba, akawekwa kitandani nyuma ya viti. Injini ikiwa inaunguruma polepole, shemeji naye akapanda, akakaa kwenye kile kiti kilichoshonwa kwa mkono.

"Bado la nane," akasema, akalamba kidole. Akasoma kimya. Kisha akalishusha daftari magotini.

"Soma, shemeji."

"Unalijua."

Taratibu alilijua. Masharti yote aliyajua kama anavyojua njia ya chooni gizani. Lilikuwa mwishoni kabisa mwa ukurasa: "Usinunue gari la mtu anayelililia."

Wakageuka wote wawili. Mzee alikuwa amelala chali, mkono juu ya macho, na machozi yalikuwa yanateremka yakiingia masikioni.

"Basi," Taratibu akasema. Mdomo ukarudi mahali pake pa zamani. "Kasema mwenye daftari."

"Jamani!" Asali akapanda ngazi ya gari. "Machozi! Hakuna fundi hata mmoja duniani aliyewahi kuniambia pistoni zimekufa kwa kilio!"

"Mke wangu kasema."

"Mkeo ni marehemu, kaka, Mungu amlaze pema, lakini hili gari umeliona…"

"Rudia hilo neno," Taratibu akasema taratibu, "uone kama utateremka kwa ngazi."

Asali akateremka kwa ngazi.

Taratibu akashika mlango. Mguu mmoja ulikwisha kutoka nje. Ndipo shemeji akasema:

"Kuna nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya ukurasa. Wino umepenya. Hujawahi kufunua?"

Na mimi nitamjibia, kwa kuwa hamtamwona akilisema mwenyewe. Hakuwahi kufunua. Aliona maandishi yale yanapenya upande wa pili, akaliacha daftari lilivyo. Ukurasa usiosomwa ni kama mtu ambaye hajamaliza kuongea na wewe. Ukishausoma, ndiyo kakwambia yote.

"Funua," akasema mwisho, akiangalia nje.

Shemeji akafunua. "'Ila kwanza muulize analilia nini,'" akasoma, na sauti yake ikaanza kuwa ya mdogo wake. "'Wengine hawalilii gari.'"

Taratibu akarudisha mguu ndani. Akageuka kwenye kiti mpaka akaonana na mzee uso kwa uso.

"Mzee wangu. Unalilia nini?"

Mzee akaondoa mkono machoni.

"Hili gari," akasema, "miaka kumi na saba halikunichelewesha hata siku moja. Sikiliza vizuri. Hata moja. Mke wangu alikishona hicho kiti kwa sababu alitaka safari moja tu, aone ninakokwenda siku zote. Nikamwambia, safari ijayo. Ikija, nasema ijayo. Siku moja nimeshusha mzigo, gari zima, barabara nyeupe, naweza kufika nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Akatokea mtu ana mzigo wa upande wa pili. Nikasema, moja tu zaidi."

Akafuta uso kwa pazia.

"Nilipofika, kiti hakina mwenyewe. Sasa kila alfajiri nawasha nisikie kama lina kosa lolote. Halina. Lingekuwa bovu, mwanangu, ningepata wa kumlaumu."

Shemeji alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa mkanda wa kupimia. Halafu akapenga kamasi, akalifunga daftari kidoleni, akasema kama hakimu:

"Gari ni hili. Mdogo wangu kasema ulizeni, tumeuliza. Halina deni la machozi. Nakubali."

Hapo, wasomaji wangu, ningeweza kuweka nukta. Tungekwenda sote kulala. Lakini mzee, kwa wema tu, akamgusa Taratibu begani.

"Na wewe, mwenzangu? Huyo wa daftari alikufa uko wapi?"

Taratibu akakisimulia kisa alichokisimulia kila mahali, kwa wazee, kwa tajiri, kwa binti. Kilikuwa kimelainika kwa kushikwashikwa.

"Nilikuwa narudi. Klachi ikaniungulia mlimani, ule wenye minara miwili. Nikakaa siku nne."

Mzee akamtazama.

"Ule wa minara miwili?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unarudi."

"Nilikuwa narudi."

Mzee akashusha macho kwenye mguu wake uliobaki. Dereva hamchomi dereva. "Basi sawa," akasema. "Poleni sana."

Lakini shemeji kala maisha yake yote kwa kutafuta mahali ambapo uzi umeruka.

"Basi sawa nini, mzee?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mzee."

"Nimesema hakuna kitu."

Na yule mwenye ulimi wa asali, aliyekuwa bado amesimama chini ya mlango akitafuta namna ya kurudisha heshima yake, akapata nafasi.

"Mama, mlima ule naujua mimi!" akasema kwa furaha. "Kurudi ni mteremko mtupu. Unashuka hata ukisinzia. Klachi haiungui kwenye mteremko, inaungua ukipanda na mzigo, ukiwa unakwenda…"

Akajiona anavyoangaliwa. Akanyamaza, kwa mara ya kwanza toka tumjue.

Shemeji akalifungua daftari pale alipokuwa ameweka kidole. Upande ule wa nyuma, chini ya maneno aliyokwisha kuyasoma, kulikuwa na mistari mingine, mwandiko umelala, kalamu imekaribia kuisha. Akaisoma polepole, neno moja moja.

"'Alhamisi. Amepiga simu. Kashusha mzigo, tajiri kampa ruhusa, kesho yuko nyumbani. Kifua kinanibana tangu asubuhi. Sikumwambia. Asije akaacha mwendo wake akakimbiza gari.'"

Taratibu akashika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Alhamisi ulikuwa huru," shemeji akasema. "Jumapili mdogo wangu akanifia mikononi, macho yake yakiwa mlangoni. Jumatatu tukamzika. Mimi nikasimama pale kaburini, shemeji, nikalilaani lile lori. Nikaulaani mpaka msumari wake. Nikamfundisha na mtoto wako alilaani."

Akauvua mkanda shingoni. Akauzungushia vidoleni, mzunguko mmoja, mwingine, kama afanyavyo anapomaliza kupima na yuko karibu kukata.

"Gari tumelipima kutwa nzima. Sasa nataka tumpime dereva. Ulikuwa unaupanda mlima ule unakwenda wapi?"

Injini ilikuwa ikiunguruma kwa utulivu, haina kosa hata moja.

Taratibu akanyoosha mkono akaizima, ili asikike.

"Shemeji," akasema, na hakumtazama yeye, alikitazama kile kiti alichokalia. "Siku ile mlimani, kiti cha pili cha lile lori la tajiri hakikuwa kitupu."